Muhogo wa Upande wa Nyumba

"Muhogo huu mmeuchimba upande gani wa masale?"

Ndivyo jirani Titin alivyouliza Jumapili ile, kasimama mlangoni mwa jiko na kikombe chake cha kuombea chumvi, macho yake kwenye karai. Aliuliza taratibu, kama mtu anayeuliza habari za mvua. Lakini mama mwenye nyumba, Eudoxi, aliyekuwa akimtoa miiba samaki wa chumvi, aliacha kazi yake, akalitazama karai.

Binti yake, Marvalin, alijibu bila kugeuka. Alisema ni upande wa nyumba, huku ndani ya ile mimea ya mpaka, wapi tena? Pale kwenye jiwe jeusi, alipokuwa akichimba na marehemu baba yake tangu hajang'oka meno ya utoto. Alikuwa ametoka mjini Castries na hamu moja tu: ale kama alivyokula udogoni, muhogo wa kuchemsha, samaki wa chumvi kwa pilipili na mafuta ya nazi, na chai ya kakao iliyotiwa mdalasini na kungumanga.

Titin akasema hana neno, alikuwa anauliza tu. Akaenda zake, na chumvi hakuchukua.

Eudoxi alingoja mpaka Marvalin alipoingia ndani kumvalisha mwanawe, Shanel. Hapo akachukua kipande kibichi karaini, akakigusa kwa ncha ya ulimi. Kilikuwa kichungu kama nyongo. Akatema, akasukutua, akafanya ishara ya msalaba.

Watoto wa kwao hufundishwa jambo hili kabla ya Baba Yetu. Muhogo mtamu hupandwa upande wa nyumba, mchungu ng'ambo ya masale, na ule mchungu hauingii chunguni hata siku moja mpaka ukunwe, ukamuliwe maji yake yote, ukaangwe uwe unga. Mwenye kuupanda mchungu upande wa nyumba ni kama ametega mtego mlangoni pa watoto.

Na aliyeachiwa shamba hilo alikuwa mmoja tu. Eudoxi alipopelekwa Castries kuuguzwa miguu, akakaa huko mwaka na zaidi, shemeji yake Telesford ndiye aliyebaki mwangalizi. Yeye ndiye mwenye lile sufuria pana la shaba wanalokaangia unga kijiji kizima, na muhogo mchungu haujawahi kumtosha. Lakini asubuhi ileile, kwenye ngazi za kanisa, alikuwa ameweka mkono kifuani mbele ya Marvalin.

"Shemeji, shamba la kaka sijaligusa. Hata shina moja. Ulivyoliacha ndivyo lilivyo."

Marvalin alifurahi. Yeye alitaka mama yake ahamie Castries moja kwa moja, na kesho yake walikuwa waende mjini kutia sahihi, shamba la marehemu baba yake, Alsid, liwe mikononi mwa Telesford. Eudoxi alipokuwa akisitasita njiani, binti yake alimwambia, "Mama nawe, hata padri utamwona mwizi."

Eudoxi aliufukia muhogo ule wote nyuma ya choo, shimo la kina. Kisha akachimba shina moja kati ya yale mawili aliyoyapanda Alsid kwa mkono wake nyuma ya jiko. Akaonja. Ulikuwa mtamu. Akautia chunguni, akainjika, akakaa juu ya kigoda anasali kimoyomoyo. Hakuomba kulipiza. Aliomba aonyeshwe mtu huyu ni wa namna gani kabla hajampa ardhi ya mumewe.

Telesford, aliyealikwa chakula cha mchana, alifika na koti lake la kanisani, akaweka kofia gotini, akatania kwamba amesikia harufu ya samaki tangu kwenye daraja. Marvalin alipakua. Mvuke ulipanda, na muhogo ulikuwa mweupe, umepasuka vizuri.

"Kula, baba mdogo," alisema Marvalin. "Wa pale kwenye jiwe jeusi, nimeuchimba mwenyewe. Wa baba."

Eudoxi hakuongeza wala kupunguza. Hakutaka kusema uongo Jumapili. Alisalia chakula, akachelewa kidogo kwenye Amina, macho kwa shemeji yake.

Rangi ilikuwa imemtoka. Alichota samaki, akala samaki. Marvalin alipomuuliza kuhusu muhogo, akasema tumbo lake tangu jana halijatulia. Marvalin akacheka, akasema tangu lini tumbo la baba mdogo likakataa chakula, akajichukulia kipande kikubwa na kukipuliza.

"Bado wa moto huo," Telesford alisema. "Ngoja upoe."

"Mimi napenda wa moto."

"Ngoja, nimekwambia."

Eudoxi alijua kilichomo sahanini, lakini Telesford hakujua. Mwanamume huyu angeweza kunyamaza, na kesho angepewa shamba. Jasho lilimteremka Telesford kutoka kwenye nywele hadi kwenye kola.

Shanel, ambaye hakuna aliyemwambia angoje, alichovya kipande chake kwenye mafuta ya samaki, akakipeleka kinywani.

Kofia ilianguka. Telesford alinyoosha mkono juu ya meza, akamshika mtoto kifundo cha mkono, kipande kikadondoka.

"Usile!"

Mtoto alianza kulia. Marvalin aliweka kijiko chini, akauliza kuna nini.

"Ni mchungu," alisema Telesford, sauti imekauka. "Msile, wote. Huo ni mchungu."

"Umejuaje, shemeji?" aliuliza Eudoxi.

Marvalin alimtazama Telesford, akamtazama mama yake, akayakumbuka maneno ya kwenye ngazi za kanisa, na uso ukambadilika.

Eudoxi aliokota kile kipande kilichodondoka, akakipangusa, akakila polepole mpaka kikaisha.

"Huu ni wa nyuma ya jiko," alisema. "Ule wako nimeufukia. Umemwokoa mtoto, na Mungu ameona hilo. Lakini shamba sikupi."

Telesford aliinama, akaiokota kofia yake. Aliishika kwa mikono miwili kama mtu aliye mbele ya altare. Kisha akaivaa, akatoka, akapita kando ya jiwe jeusi bila kuligeukia, akavuka masale kwenda upande wake.