Dumu la Maji ya Khatt

Mimi kwa utani sijambo. Nina miaka sabini na tatu, na meno niliyobaki nayo yanatosha kuchekea. Lakini hili nalisema nimeinamisha uso.

Sisi wanawake wa Kizanzibari wa Satwa, hapa Dubai, tuna desturi yetu. Kila mwaka tunakodi basi dogo, tunakwenda Khatt, kule Ras al Khaimah chini ya milima, kuoga maji ya moto yanayotoka ardhini yenyewe. Anayekwenda humletea asiyekwenda. Ukishapewa dumu la mtu ni amana, hulirudishi tupu.

Mwaka huu nilipewa dumu na Damaris, Mkenya wa chumba cha chini, anayetandika vitanda hotelini, mtaa wa Al Mankhool. Goti la kulia lilimvimba hata kuinama hawezi, na msimamizi wake kamwambia akirudi kazini arudi mzima, ama asirudi.

"Bibi, uniletee tu kidogo," akaniambia. "Nitakuombea mpaka ushangae."

Khatt nilistarehe. Rafiki yangu Hind, mwenye asili ya huko, akatuhadithia bibi yake alivyokuwa akija juu ya ngamia, watu wakipiga vibanda vya makuti wakae siku saba, wanaume huku, wanawake kule, kila mmoja na maumivu yake. Mimi naelea kama andazi kwenye mafuta, nasema upuuzi, wenzangu wanacheka mpaka wanameza maji. Dumu la Damaris nililifanya mto wa shingo ndani ya basi. Nililikumbuka tukiwa tumeshashika barabara kuu ya kurudi, tupu, linanigonga kisogo.

Ningeweza kumwomba Hind nusu ya lake. Ningeweza kumwambia Damaris ukweli. Nikaona haya ya dakika mbili, nikaikimbia.

Ilikuwa Agosti. Anayeishi Dubai anajua: Agosti bomba la maji baridi hutoa maji ya kuunguza, maana tangi liko juu ya paa linapikwa na jua. Nikalijaza dumu jikoni kwangu. Maji ya chemchemi huwa na kaharufu kake, basi nikachemsha mayai sita mpaka yakapasuka, maji yake nikayamimina humo na kijiko cha chumvi. Mayai nikayala kwa pilipili. Nikacheka peke yangu, Mungu anisamehe.

Damaris alilipokea kwa mikono miwili. Akanusa, akafumba macho.

"Hii ndiyo yenyewe."

"Yamekuja na moto wake," nikasema. Na ulimi wangu ukishaanza haushikiki. Nikamwambia wazamiaji wa lulu wa zamani walikuwa wakitibiwa pale, na kwamba goti kwanza huvimba zaidi, likawa jekundu, ndipo ugonjwa hutoka. "Ukiona limevimba, shukuru." Hayo hakunihadithia Hind wala mtu mwengine. Niliyatunga pale pale mlangoni, kwa raha ya kuona macho yake yanavyotanuka.

Siku ya nne akapanda ngazi kuja kwangu. Nilimsikia: hatua moja, kimya, hatua nyengine. Akaketi, akapandisha dera. Goti lilikuwa kama papai, jekundu, linang'aa. Na yeye anatabasamu.

"Si uliniambia, bibi? Inatoka. Usiku sijalala, nikasema asante Yesu, inatoka. Hata daktari wa leo nimemkanseli. Nimewaambia wapatie mtu mwingine hiyo nafasi, mimi nimepata dawa."

"Damaris."

"Hebu shika usikie venye iko moto."

"Damaris, mwanangu, yale si maji ya Khatt."

Akanitazama, bado anatabasamu, anangoja nimalizie mzaha. Hajapata kunisikia nikisema neno lisilo na kichekesho nyuma yake.

"Ni ya bomba," nikasema. "La jikoni kwangu."

"Wacha, bibi."

"Wallahi."

"Na hiyo harufu?"

"Mayai."

Akalitazama goti, akanitazama mimi. "Na hii kuvimba? Ati inatoa ugonjwa?"

"Nilitunga."

"Kwani nilikukosea nini?"

"Nilisahau kuchota," nikasema. "Nikaona haya kukwambia."

"Ungesema tu umesahau," akasema. "Ningecheka."

Tukachukua teksi mpaka hospitali. Hakunialika, nilijipakia mwenyewe. Nesi akamuuliza ameweka nini kwenye goti. Damaris akaangalia ukuta. Nikajua ananisitiri, na kule kusitiriwa kuliniuma kuliko kama angenitukana.

"Maji ya bomba," nikasema mimi. "Na maji ya mayai, na chumvi. Mimi ndiye niliyempa, nikamwambia dawa."

Nesi akacheka, akamwita mwenzake aje asikie. Nikarudia. Wakacheka wote wawili. Maisha yangu yote nimependa kuchekesha watu, na pale nilitamani sakafu inimeze.

Daktari akasema ndani mna usaha. Angekaa nalo siku mbili tatu zaidi, lisingekuwa goti tena. Alazwe, asubuhi lisafishwe. Kutembea, wiki kadhaa. Kuinama, hawezi kumuahidi. Damaris hakuuliza lolote juu ya kazi, lakini nilimwona vidole vinakunjakunja shuka, pembe kwa pembe, kama anatandika.

Wakaja kumchukua. Nilikuwa nimemshikia mkoba. Nikamwambia kesho nitakuja na uji, nitakaa naye mchana kutwa, akitaka hata sitosema neno.

Miaka mitano Damaris ananiita bibi, hata kwenye simu, hata akiwa amechoka vipi. Kuna neno jengine, wanalowaita wale wanaowafanyia kazi; hilo hajapata kuniita.

Akautoa mkoba mikononi mwangu, akauweka kifuani.

"Usijisumbue, madam," akasema.