Siku ya Kupima Selo ya Pili

Jumanne saa tatu asubuhi Prudencia alikabidhi simu yake getini, akasaini kitabu cha wageni na kuingia gerezani na futi kamba begani. Alikuwa mkaguzi wa haki za wafungwa, mzaliwa wa Muleba, mtu wa kuamini vipimo kuliko maneno. Wiki moja kabla alikuwa ameandika barua ya kuomba kuja, kama utaratibu unavyotaka.

Selo ya pili ilijengwa kwa watu arobaini. Walikuwemo mia moja sitini na watatu. Prudencia alipima ndani: urefu mita thelathini na mbili, upana ishirini. Akatoka akapima nje. Jengo zima lilikuwa na urefu wa mita kumi na mbili. Akaandika vipimo vyote viwili kwenye fomu, akasaini.

"Huwa inatanuka wakija wageni," alieleza Machibya, nyapara wa selo, aliyekaa mahabusu miaka sita akisubiri upelelezi wa kesi ya ng'ombe ukamilike. "Barua ikifika tu, kuta zinaanza kusogea. Mgeni akishatoka getini, zinarudi."

Afande Yeremia, mkuu wa zamu, alithibitisha. Walikwisha kuliripoti jambo hilo mkoani, wakajibiwa kwamba jengo kuwa na adabu mbele ya wageni si kosa.

Katikati ya selo alilazwa Nkwabi, fundi baiskeli mwenye kifua kibovu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unaendeleaje?"

"Leo napumua. Mwezi wa tatu ulipoondoka, kuta zilirudi haraka, zikanivunja mbavu mbili. Safari hii sijui kama nitapona."

Alisema bila lawama, kama mtu anayetaja saa ya basi. Prudencia aliikumbuka Machi vizuri. Alikuwa amepima ndani tu, akaandika "nafasi inatosha" kwa mwandiko mzuri, akawahi chakula cha mchana.

Saa kumi Afande Yeremia alimwambia muda wa wageni umekwisha. Prudencia akaketi sakafuni karibu na Nkwabi, akasema hatoki. Afande alitafuta fomu ya kumwondoa mgeni asiyetaka kuondoka, hakuipata. Basi akamhesabu pamoja na mahabusu. Pale watu huhesabiwa wakichuchumaa watano watano. Prudencia akawa wa nne katika mstari wa mwisho.

Kuta hazikurudi. Nkwabi alilala chali kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili, na kufikia Ijumaa aliweza kumaliza uji wake. Jumamosi alikuja Cleophace, mume wa Prudencia, na ndizi za kuchemsha na kanga mbili.

"Unarudi lini?"

"Nikitoka, huyu anakufa."

Cleophace alimtazama Nkwabi. "Basi kesho nakuletea mswaki," alisema.

Ofisini kwake waliandika kwamba yuko safarini kikazi. Fomu yake, ambayo Afande Yeremia aliituma siku ileile, ilifika makao makuu, ikasomwa na watu wenye shughuli nyingi, nao wakachukua kipimo cha ndani.

Jumatatu likaja karandinga limejaa mahabusu, kisha jingine. Hadi jioni yalikuwa tisa. Afande Yeremia alisoma barua mlangoni: kwa kuwa mkaguzi amethibitisha kuwa selo ya pili ina nafasi ya ziada, inaongezewa mahabusu mia nne na themanini kutoka magereza jirani. Prudencia alisimama akasema hakuthibitisha hivyo. Afande akamwonyesha saini yake kwenye fomu iliyoambatanishwa. Ilikuwa yake kweli.

Walipokwisha kuingia wote, hapakuonekana sakafu. Nkwabi alikuwa ameanza tena kukohoa. Machibya alimweleza Prudencia, kwa heshima zote, namna ya kulala: wanaanza na ubavu wa kulia, wanageuka wote kwa pamoja, na mtu hageuki peke yake hata akiumwa. Wakamweka Nkwabi kati yao.

Prudencia akavua viatu, akalalia ubavu wa kulia.