Swali la Kamba

Pulchérie alikuwa muuguzi wa magonjwa ya akili, mzaliwa wa Ubwari aliyesomea Bukavu, na aliliamini dodoso lake kuliko wengine wanavyomwamini mchungaji wao. Lilikuja kwa Kifaransa. Lilikuwa na sentensi za kuwapima wafanyakazi wanaotunza wagonjwa wa akili waliotenda makosa, wale ambao jaji huamua kwamba hawafai gereza bali dawa. Je, mgonjwa anaheshimiwa? Anasikilizwa? Anahisi salama? Kazi ya Pulchérie ilikuwa kulihamishia kwenye Kiswahili kinachoeleweka Fizi, kisha kuhakikisha kwamba linapima kile linachodai kupima. Kutafsiri tu hakutoshi. Unamsomea mfanyakazi sentensi, unamwomba akueleze kwa maneno yake ameelewa nini. Akielewa vingine, unaibadilisha, halafu unaijaribu kwa mwingine. Ndivyo alivyokuwa akifanya katika kituo kimoja nje ya Baraka, ndani ya chumba chenye meza, viti viwili na feni isiyozunguka.

Asubuhi ile alikuja mtu mmoja tu. Wengine walikwenda kwenye mazishi ya mama mkwe wa mwenzao, naye Divine akaachwa kwa sababu ndiye mgeni kazini, na mgeni ndiye anayebebeshwa zamu. Alikuwa msichana wa Kibembe, mchangamfu, mwenye kucheka kabla ya kujibu. Walikwenda vizuri mpaka walipofika kwenye sentensi ya nguvu.

“Nguvu hutumika kwa mgonjwa pale tu inapobidi,” Pulchérie akasoma. “Hapo unaelewa nini?”

“Nguvu ya nani, yaya?” akauliza, kama anayemwita dada yake mkubwa.

“Ya wafanyakazi.”

Divine hakucheka. Aliinuka, akachungulia nje ya mlango, akarudi kukaa.

“Siye bauguzi hatufungake muntu. Siye tunaangaliaka tu pembeni. Unamujua Kubwimana, ule Murundi wa kambi ya Lusenda? Banamufungaka na kamba ya kuloweka mu maji. Ikikauka, inakaza. Mukono yake moya sasa haisikie tena kitu.”

“Nani anamfunga?”

“Usiniulize. Na usiseme kama njo mimi nilisema. Ule muntu akijua, mi nitapona wapi? Niko naye humu ndani kila siku.”

Pulchérie alimshika mkono. Akamwambia kwamba kwenye karatasi zake hakuna majina, kuna namba tu, na kwamba hata profesa anayesimamia utafiti wake hatajua nani alisema nini. Aliyasema kwa moyo mweupe. Divine akashusha pumzi, akamaliza sentensi zilizobaki, akarudi kwa wagonjwa wake.

Alipobaki peke yake, Pulchérie alifurahi, na hilo tusimfichie. Alimwonea Kubwimana huruma, ndiyo, lakini alifurahi pia, kwa sababu sentensi ya Wafaransa ilikuwa imevua hewa na yeye sasa alikuwa na ya kuvulia samaki. Akaifuta. Akaandika: “Katika kituo hiki kuna mtu anayewafunga wagonjwa kamba.” Fupi, wazi, kila mtu angeielewa. Kilichobaki ni kuijaribu kwa mfanyakazi mwingine.

Aliyefuata baada ya chakula cha mchana alikuwa Nicolas. Jina lake lilikuwa la kwanza katika majina aliyopewa na daktari mkuu. Mwanamume wa makamo, koti jeupe lililopigwa pasi, funguo kiunoni, kalamu mfukoni. Aligonga mlango kabla ya kuingia, jambo ambalo hakuna mwingine pale aliyelifanya. Kila sentensi aliifafanua kwa utulivu, na mara mbili alimpa Pulchérie neno zuri kuliko lake. Pulchérie akajisemea kwamba laiti kila kituo kingekuwa na muuguzi kama huyu.

Wakafika kwenye kamba. Nicolas akaisoma mwenyewe, polepole.

“Hii ni ya mupya,” akasema. “Ile karatasi ya Kifaransa niliisomaka ku bureau ya docteur. Kamba haikukuwa.”

“Nimeiandika leo.”

“Leo asubui?”

“Ndiyo, asubuhi.”

Nicolas akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa bei aliyoitegemea. “Iko muzuri, maman. Hii kila muntu ataielewa.”

Maswali ya umri, elimu na kazi Pulchérie huyaacha mwisho. Profesa wake ndiye aliyemfundisha hivyo: ukianza kwa kumuuliza mtu yeye ni nani, atakujibu kama anayejibu polisi. Kwa hiyo ni sasa tu alipogeuza ukurasa.

“Umekuwa hapa miaka mingapi?”

“Saba.”

“Na kazi yako ni ipi?”

“Kapita.”

Katika magereza yote ya nchi, kapita ni mfungwa anayewasimamia wafungwa wenzake. Pulchérie alilijua hilo tangu utotoni. Lakini hapa palikuwa hospitali, na mtu huyu alikuwa amevaa koti jeupe, basi akili yake ikakataa kuelewa.

“Kapita wa wauguzi?”

“Wa bagonjwa, maman. Na miye niko mugonjwa. Banileta juu ya moto. Nilichomaka nyumba ku Kilembwe, na batu mu ndani.” Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayekueleza shamba lake liko upande gani. “Lakini nilishapona. Docteur anajua. Naweza kwenda? Iko kazi kidogo mu ndani.”

Akakirudisha kiti chini ya meza, akatoka, akafunga mlango taratibu.

Pulchérie alibaki na kalamu mkononi. Asubuhi ile alikuwa amehoji mtu mmoja. Nicolas hakuhitaji kuambiwa jina. Na kama wauguzi hawafungi mtu, basi anayefunga ni kapita. Yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, alikuwa amemkabidhi Divine kwa mtu yule yule ambaye Divine alimwogopa.

Akakimbilia kwa daktari mkuu, Bertin.

Bertin hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka, mwenye macho mekundu na mashati mawili, na alimsikiliza mpaka mwisho.

“Maman Pulchérie, uliniomba majina ya wote wanaotumika kazi huku. Nicolas anatumika kupita bote. Anabaogesha, anabalisha, akisema ‘kaa’, banakaa.”

“Anawafunga kamba!”

“Anabafunga, ndiyo. Ni wewe utabafunga? Tangu barabara ya Uvira iliharibika, bauguzi banaume balienda zabo. Nimebakia na batoto banamuke na mlango moya wa chuma. Kapita akilala siku moya tu, siye bote tunakimbia.” Akajifuta uso. “Na nani alikuambia hayo mambo ya kamba?”

Pulchérie akageuza uso dirishani. Alikuwa ameahidi. Ahadi yenyewe ilikuwa imekwisha kuvunjika, lakini kulitamka jina mbele ya mkuu wa kituo lilikuwa jambo jingine. Uani, Divine alikuwa akipita na sinia la dawa. Nicolas alikuwa amesimama kwenye mlango wa chuma, akamfungulia, akampisha kwa heshima. Kisha akaingia nyuma yake na mlango ukafungwa.

“Divine,” Pulchérie akasema. “Ni Divine, docteur. Na Nicolas ameshajua. Mtoe mule ndani sasa hivi. Mpeleke Fizi, mpeleke popote, lakini mtoe.”

Bertin akabadilika uso. Tumpe haki yake: alielewa mara moja, wala hakuuliza swali la pili. Akasukuma kiti, akaenda dirishani kwa haraka, akafanya kile alichokuwa akifanya kila siku, mwaka hadi mwaka, kila alipomtaka mtu aliye ndani.

“Kapita!” akaita kwa nguvu. “Uniletee Divine!”

Sauti ikajibu kutoka nyuma ya ukuta, yenye adabu, bila haraka. “Ndiyo, docteur.”

Bertin akarudi kukaa, ametulia, kama mtu aliyekwisha kufanya linalotakiwa. “Anakuja,” akasema.

“Docteur, umemtuma nani?”

“Kapita.” Alilisema neno, kisha akalisikia. Mkono wake uliokuwa ukitafuta miwani mezani ukasimama. Kwa muda akawa kama anatafuta mtu mwingine ambaye angeweza kumtuma, na ilionekana usoni pake kwamba hakumpata. “Hatamufanya kitu,” akasema hatimaye. “Mi namujua.”

Wakangoja. Ule ulikuwa mwendo wa kuvuka ua tu, na mtu angeweza kwenda na kurudi huku chai yake ingali na moto. Hakuna aliyetoka. Bertin akaanza kumuuliza habari za Ubwari, kama samaki bado wanapatikana, lakini macho ya Pulchérie yalikuwa kwenye mlango wa chuma.

Mwishowe Nicolas akagonga mlango, akaingia. Alikuwa peke yake.

“Docteur, Divine anasema hana kitu ya kusema. Anasema asubui alichanganya mambo kidogo. Anaomba maman afute ile swali.”

Bertin akaegemea kiti kwa nafuu. “Umesikia, maman? Ameshajibu.”

“Huyu ndiye aliyejibu,” Pulchérie akasema. “Nataka kulisikia kwa Divine mwenyewe.”

Bertin akamtazama Nicolas kama anayeomba ruhusa. Mkuu wa kituo, daktari mwenye shahada, akamtazama mgonjwa wake na kungoja.

“Hakuna shida,” Nicolas akasema. “Maman akuje amusikie.”

Wakavuka ua, yeye mbele, Pulchérie nyuma. Bertin hakutoka ofisini. Nicolas akafungua mlango wa chuma, akasimama kando. Ndani palikuwa na ujia mrefu wenye harufu ya dawa ya sakafu, na kwenye vyumba vyote watu walikuwa wamekaa chini, mikono magotini, hakuna aliyeinua kichwa. Sinia la dawa lilikuwa limewekwa sakafuni, vidonge vyake havijaguswa.

“Divine!” Pulchérie akaita.

Hakuna aliyeitika. Pulchérie aliogopa, aliogopa kama hajawahi kuogopa tangu azaliwe, na miguu yake ilitaka kurudi ofisini, barabarani, Bukavu. Lakini msichana yule alikuwa mahali fulani mle ndani kwa sababu yake. Akaingia.

“Mbele, maman,” Nicolas akasema nyuma yake, akiufunga mlango wa chuma. “Chumba ya mwisho.”