Mwanga Ulioviringika na Chungwa

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi, na nakiri mapema kabla Mbinya, mwenzangu wa kazi, hajawasimulia kwa chumvi yake. Mwaka wa tisini na saba, katika kiofisi chetu cha Buruburu, tulikuwa tukitengeneza kwa kompyuta tangazo la mteja anayeuza taa. Chungwa linaviringika mezani chini ya taa, picha mia moja na themanini za kufuatana. Nililipaka rangi inayofifia, juu inang'aa, chini giza, kisha nikaliamuru lizunguke. Mwanga nao ukazunguka. Lilipofika katikati ya meza, upande unaoelekea taa ulikuwa giza na tumbo la chini ndilo linalong'aa.

Mbinya alilitazama kwa macho mekundu ya siku tatu za kazi.

"Rudia zote. Ganda lizunguke, mwanga ubaki palepale. Mteja akikataa kesho, kazi inaenda kwingine."

Mgongo ulikuwa ukiniuma. "Dada yangu, nihurumie. Nani atatazama kivuli? Watu wataangalia chungwa."

"Mukhwana," akasema, akinisogezea kiti, "huyo mteja hauzi machungwa."