Darubini ya Shangazi Wubalem

Shangazi Wubalem alitaka jambo moja tu: kuiona miezi ya Mshtarii kwa macho yake mwenyewe. Aliisoma kwenye madaftari yangu ya chuo, akaniuliza maswali hadi nikaishiwa majibu. Lakini tangu alipougua mwaka juzi, mikono yake ilitetemeka. Nami nilimjua. Kifaa kikimshinda siku ya kwanza, atakifunga kwenye kitambaa, atakiweka juu ya kabati, na habari za nyota zitakuwa zimeishia hapo.

Basi Jumatano moja ya mfungo tulitoka Debre Berhan mapema, tukaenda Addis Ababa, kwenye duka la kamera pale Piassa. Mwenye duka, Henok, alitusimamishia mlangoni darubini ndefu nyeupe juu ya miguu mitatu myembamba.

“Hii, mama, inakuza mara mia tano! Utamwona malaika akifua nguo.”

Shangazi akainama, akalitafuta kanisa la Mtakatifu Giyorgis. Alipoigusa tu, picha ikaruka, ikakataa kutulia.

“Mara mia tano za kutetemeka zitanisaidia nini, kijana? Kutetemeka ninako nyumbani.”

Henok akacheka, akairudisha ndani. Nikaomba darubini ya macho mawili, inayokuza mara kumi. Chuoni tulianza na ya namna hiyo. Ni nyepesi, na inaonyesha eneo kubwa la anga, kwa hiyo mtu hapotei. Miezi minne mikubwa ya Mshtarii huonekana nayo vizuri, mradi mkono utulie.

Mradi mkono utulie! Nililisahau hilo kwa sababu mikono yangu ni mizima. Shangazi aliishika, akaielekeza kanisani tena, kisha akaniwekea mkononi bila kunitazama.

“Msalaba unacheza eskista, unatikisa mabega,” alisema. “Twende, Tsion. Tutakosa basi.”

Nilikuwa nageuka kumrudishia Henok darubini nikaona Shangazi amesimama mbele ya baba yake Henok. Mzee Gebreyes alikuwa ameketi kando ya mlango na shuka lake jeupe, ndiyo kwanza ametoka ibadani, mikono juu ya fimbo ya sala, ile ndefu ya kuegemea kanisani, yenye kichwa cha chuma kilichopinda pande mbili.

“Baba, niazime fimbo yako. Yangu iko nyumbani.”

“Shangazi!” nilinong’ona. “Hiyo ni ya kanisani!”

Mzee alinisikia. “Binti, miaka arobaini nalaza kidevu hapo, nasinzia ibada nzima. Haijawahi kulalamika. Mpe hiyo darubini.”

Shangazi akaisimika fimbo kwenye lami, akalaza darubini juu ya kile kichwa cha chuma, akaweka macho. Mpita njia mmoja akamkwepa, mwingine akasimama kutazama anachotazama.

“Njiwa watatu juu ya msalaba,” alisema polepole. “Mmoja anajikuna.”

“Je, wanacheza eskista?” Henok aliuliza.

“Wametulia kuliko wewe. Nifungie hii.”

Tulifika nyumbani giza likiingia. Shangazi hakuvua hata viatu. Alichukua fimbo yake nyuma ya mlango, tukatoka uani. Baridi ya Debre Berhan ilikuwa imeanza kuuma, na Mshtarii ilikuwa imechomoza juu ya paa la jirani.

Nilisimama nyuma yake nikiogopa kupumua.

“Kuna kinukta,” alisema. “Kingine hiki. Tsion, wamejipanga mstari kama watoto wa shule! Mmoja... wawili... watatu. Wa nne yuko wapi?”

“Pengine yuko nyuma ya Mshtarii, au mbele yake.”

“Basi namsubiri.” Kisha akapaza sauti kumwita mama jirani ng’ambo ya ua: “Weizero Aselefech! Zima hiyo taa yako, nina wageni huku!”

“Wageni gani wasiotaka taa?” jirani alijibu.

“Njoo uwaone. Na uje na kahawa, maana mimi siachi zamu yangu.”