Mteja Hapatikani

Fundi cherehani alikuwa anapindia suruali ya mtu wa benki alipomwita binti yake aje anywe chai. Binti huyo, ambaye mtaa ulimwita Pekee kwa kuwa alizaliwa peke yake na kushinda peke yake, alikuwa hapohapo, mgongo ukutani, kidevu kifuani. Akafungua mdomo. Ikatoka sauti ya mwanamke mwingine, tamu, ya kiofisi: "Mteja unayempigia hapatikani kwa sasa. Tafadhali jaribu tena baadaye."

Fundi akajaribu tena baadaye. Chai ikapoa, jibu likawa lilelile.

Kilichomfikisha hapo hakikuwa siri. Tangu mama yake azikwe, Pekee alizoea kwenda kwenye kibanda cha Mjomba, muuza unga, na unga wenyewe si wa kupika. Watu wote walimwita Mjomba, ingawa hakuna mama aliyewahi kukubali kuwa dada yake. Kibanda kiliegemea ukuta wa ofisi ya mwenyekiti wa mtaa na kilitumia umeme wa ofisi. Wanaobwia unga huitwa mateja, na mteja kutopatikana ni jambo la kawaida.

"Hapa kwako ni bondeni, fundi," alisema jirani, mama muuza mkaa, akichungulia kinywani mwa binti kama anayekagua redio mbovu. "Mtandao haushiki. Mpandishe juu ya paa."

"Akianguka je?"

"Si umfunge! Kamba umeivaa shingoni."

Fundi akamfunga kiunoni kwa utepe wake wa kupimia. Ukamzunguka mara mbili na bado ukabaki. Wakapanda. Juu ya mabati, karibu na antena, Pekee akakohoa, akasema kwa sauti yake mwenyewe, "Baba."

"Nipo, mwanangu. Sema upesi, isije ikakatika."

"Kila siku nakusikia, 'Karibu, mteja wangu,' sauti asali tupu. Mimi unaniambia, 'Toa miguu, unakanyaga kitambaa.' Mjomba ndiye wa kwanza kuniita mteja wake."

Fundi akainama kumjibu. Alipofungua mdomo, yule mwanamke alikuwa amesharudi kazini.

Akamteremsha, akaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti, aliyekuwa anakunywa soda aliyoletewa na Mjomba.

"Mheshimiwa, kiondoe kile kibanda. Kinanimalizia mtoto."

"Fundi, hilo lako ni tatizo la mtandao. Halafu wewe mwenyewe una wateja. Mwenzio akipata wake, unanuna?" Mwenyekiti akabeua. "Tutawaletea mnara."

Wakubwa wakiahidi daraja, hata ubao huuoni. Lakini mnara ulikuja wiki hiyohiyo, ukasimikwa juu ya kibanda cha Mjomba. Siku ya uzinduzi ikaonekana hakuna utepe wa kukata, wakaazima ule wa fundi. Mwenyekiti akaukata, watu wakapiga makofi, fundi akarudishiwa nusu.

Tangu hapo Mjomba hainuki kitini. Akipiga mluzi, Pekee husikia popote alipo.

Siku hizi, kila asubuhi, fundi husukuma cherehani kando, huchuchumaa mbele ya binti yake na kusema kwa sauti ambayo hata mtu wa benki hajawahi kuipata, "Karibu, mteja wangu."

Yule mwanamke ameshamzoea. "Hapatikani, fundi," humjibu. "Ila leo nimemwona amegeuza shingo."

"Asante, dada. Wewe umekula?"

"Niko kazini, kaka'angu."

Kisha mluzi hulia. "Nipo!" anaitika Pekee, sauti yake mwenyewe, safi, haikwaruzi hata kidogo, na anainuka. Fundi huwa amemfunga mkononi kwa ile nusu ya utepe, naye ameshikilia ncha ya pili. Nusu hiyo inafika mlangoni tu.