Faida ya Kumwonyesha Baba Mkwe

Mume wangu ni kiumbe wa peke yake: alilipa kodi ya faida ambayo hakuipata. Wenzake wanaficha mapato, yeye alikuwa anayazua. Kisa? Aliyekuwa akitujazia ritani, zile fomu za kodi, kila mwaka ni baba yangu, mhasibu mstaafu, na bwana huyu aliona heri atoe pesa kuliko kumwambia baba mkwe kwamba kiwanda chetu cha mikate kinaelekea shimoni. Nilimgombeza mpaka sauti ikanikauka. Lakini kumsema kwa baba? Thubutu! Ya ndani ni ya ndani.

Basi tukafilisika, tukaenda mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai. Mume wangu akarudi nyumbani anapiga mluzi. Eti afadhali, maana aliyefilisika hajazi tena ritani. Nikamwambia asubiri.

Aliyemzima ni msimamizi wa ufilisi wetu, binti mpole mwenye miwani. Alitueleza taratibu kwamba kufilisika hakumwondoi mtu kwenye daftari la kodi. Ritani ya mwaka huu lazima iingie, na mbili za nyuma zirekebishwe, maana hesabu za benki na ritani zetu zilikuwa haziamkiani. Tukitimiza, sheria inatuachia tanuri kama zana ya kazi. Tusipotimiza kufikia Ijumaa, ombi linatupwa na wadai wanakuja kulibeba. Jamani, tanuri ndilo pekee lililobaki! Tukiwa nalo tungeanza upya hata kwa unga wa kukopa. Bila hilo, sisi ni watu wawili waliovaa aproni.

Mhasibu mwingine angetaka malipo, na karatasi zote zilikuwa kwa baba. Hapakuwa na mlango wa nyuma. Alhamisi nikamkokota mume wangu hadi huko.

Alivyoketi tu, akaanza kuuliza habari za goti la baba. Akahamia kwenye mpira. Akasifu mapazia, ambayo tangu aanze kunichumbia hajawahi kuyatazama. Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Baba akafungua kompyuta yake, akavaa miwani, akauliza kama kila mwaka, "Haya mkwe, faida kiasi gani?"

Mume wangu akayatazama tena mapazia.

"Hasara, baba. Na mwaka jana hasara. Na mwaka juzi."

Baba akavua miwani. Nikajiweka tayari, kwa sababu ulimi huu nimeurithi kwake, na majibu yangu nilishayapanga tangu njiani. Angeanza na ule uongo wa faida, nami ningesema mume wangu hakumwibia mtu. Angeleta habari za aibu, nami ningemkumbusha nani alizoea kutamba kwa majirani kuhusu mkwe wake. Lakini hakumtazama hata mume wangu. Alinitazama mimi.

"Miaka mitatu yote hiyo, mwanangu, mlikuwa mnakula nini?"

Mahakamani sikulia. Wadai walinitukana mlangoni, sikulia. Hapo nikashindwa.

"Mikate iliyododa, baba."

Baba akainuka, na goti lake bovu hivyohivyo, akaingia jikoni mwenyewe, akawasha jiko. Ritani zote tatu tulizijaza jioni ile, tukiwa tumeshiba, na tanuri likabaki letu.